Saratani ya Tumbo Inayotibika kwa Kuua Vijidudu

Na Tabibu Msaidizi, Mbulumbulu, Karatu



Hapa kwetu Mbulumbulu watu wengi wanalalamika tumbo. Wakati wa kupalilia utamkuta mtu amekaa pembeni ya shamba la maharage, ameshika chembe ya moyo. Ukimwuliza anaumwa nini, atajibu ni vidonda vya tumbo. Ukimwuliza ni nani aliyempima, atasema hajapimwa. Amenunua vidonge vichache dukani. Au ameramba magadi. Au amekunywa maziwa. Maumivu yalitulia siku mbili, kisha yakarudi.

Leo tuzungumze juu ya maumivu hayo yasiyokwisha. Tuzungumze pia juu ya ugonjwa mmoja ambao si wa kawaida, lakini una fundisho kubwa kwetu sote. Ugonjwa huo ni aina ya saratani ya tumbo. Ikigunduliwa mapema, wagonjwa wengi hupona bila kupasuliwa na bila kupigwa mionzi. Huponywa kwa vidonge vya kuua vijidudu.

Wengi wetu tukisikia neno saratani tunakata tamaa. Mgonjwa husema, "Basi, nirudisheni nyumbani." Kwa sababu ya hofu hiyo wengine hawaendi kupimwa kabisa. Wengine huenda ugonjwa ukiwa umekwisha komaa. Ndiyo maana inafaa kila mtu ajue habari hii. Ipo saratani inayosubiri tu tuiwahi.

KIJIDUDU KINACHOISHI TUMBONI

Chakula tunachokula hushuka kooni na kuingia katika mfuko wa tumbo. Ndani ya mfuko huo mna maji makali yaitwayo asidi. Asidi husaidia kusaga chakula. Pia huua vijidudu vingi vinavyoingia pamoja na chakula. Ukiungulia, asidi hiyo ndiyo inayopanda kifuani na kukuchoma.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika asidi kali namna hiyo. Waliwaambia wagonjwa kwamba vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo mengi na vyakula vya pilipili.

Mambo yalibadilika huko Australia, katika mji wa Perth. Daktari Robin Warren alikuwa akitazama vipande vya nyama ya tumbo kwa hadubini. Mara nyingi aliona vijidudu vilivyojipinda. Alishirikiana na daktari kijana, Barry Marshall. Mwaka 1982 walifaulu kuvikuza vijidudu hivyo katika maabara. Lakini madaktari wengi hawakuwaamini.

Mwaka 1984 Marshall alifanya jambo la hatari. Alikunywa mwenyewe maji yenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache alianza kutapika, na mdomo wake ukanuka. Tumbo lake lilipochunguzwa, lilikuwa limevimba kwa ndani, na vijidudu vilikuwemo. Mwaka 2005 madaktari hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao. Lakini sisi tusiige jambo la kunywa vijidudu!

Kijidudu hicho ni aina ya bakteria. Jina lake ni Helikobakta pailori. Hospitalini watu hukiita kwa kifupi ech-pailori. Katika makala hii tutakiita pailori.

Pailori kina hila mbili. Kwanza, hutoa kitu kinachopunguza ukali wa asidi mahali kilipo. Pili, hujichimbia chini ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Hapo asidi haikifikii vizuri. Kikishaingia, hukaa miaka mingi, mara nyingi maisha yote, kama hakikutibiwa.

Karibu nusu ya watu wote duniani wamewahi kuwa nacho. Katika nchi zetu ni wengi zaidi. Watu wengi hukipata wakiwa watoto, nyumbani. Lakini ndugu msomaji, usiogope. Wengi walio nacho hawaugui kabisa. Baadhi yao tu hupata vidonda vya tumbo. Na wachache sana hupata saratani.

KIJIDUDU KINALETAJE SARATANI?

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembechembe ndogo sana zilizo hai, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Saratani ni hali ya chembechembe hizo kuzaana ovyo bila kufuata utaratibu wa mwili. Zinaongezeka, zinafanya uvimbe, na baadaye zinaweza kusambaa.

Mwili pia una askari wake. Askari hao ni chembechembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kupigana na vijidudu. Aina moja ya saratani inayotokea katika chembechembe hizi za ulinzi huitwa limfoma.

Sasa tuchukue mfano wa kijiji. Wezi wa mifugo wamejificha katika korongo karibu na kijiji. Kijiji kinaita mgambo. Mgambo wanakuja, wanapiga kambi. Kama wezi wakikamatwa mapema, mgambo hurudi makwao. Lakini tuseme wezi hawakamatwi, miaka inapita. Kila siku wanaitwa mgambo wengine. Kambi inajaa. Mwishowe mgambo wenyewe wanageuka kuwa tatizo. Wanakula chakula cha kijiji na kukanyaga mashamba.

Ndivyo inavyotokea tumboni. Tumbo zima la kawaida halina kambi ya chembechembe hizo za ulinzi. Pailori kikiingia na kukaa, mwili hutuma askari. Askari hao hupiga kambi katika ukuta wa tumbo. Kwa watu wachache, baada ya miaka mingi, baadhi ya askari huanza kuzaana ovyo. Hiyo ndiyo limfoma ya tumbo.

Lakini hapo mwanzoni askari hao waliopotoka bado wanategemea vita. Wanazaana kwa sababu adui yupo. Ukimwondoa adui, yaani ukiua pailori, wanakosa nguvu. Uvimbe hunywea polepole na kutoweka. Hiyo ndiyo siri ya tiba hii.

Pailori huweza pia kuleta saratani nyingine ya tumbo, ile inayoanza katika ngozi laini ya ndani ya tumbo. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba pailori ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Saratani hiyo nyingine haiponi kwa vidonge vya kuua vijidudu. Kwa hiyo ni lazima daktari ajue mgonjwa ana aina gani.

HABARI INAYOPITIA UGANDA

Habari ya limfoma na vijidudu inagusa Afrika Mashariki yetu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona watoto wengi wenye uvimbe wa taya uliokua haraka sana. Aliandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya maili, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, akiuliza katika hospitali kama wameuona uvimbe huo. Aligundua kwamba ulitokea zaidi katika sehemu za joto na mvua, zenye malaria nyingi. Katika nyanda za juu zenye baridi haukuonekana sana.

Uvimbe ule ulikuwa limfoma. Mwaka 1964 wataalamu wa Uingereza walikuta kirusi ndani ya chembechembe zake. Watu wakaanza kuelewa kwamba maambukizo yanaweza kuchangia saratani. Hata hivyo, watoto wale hawakutibiwa kwa kuua kirusi. Walitibiwa kwa dawa za saratani.

Katika miaka ya 1960 alikuwapo Kampala mtaalamu mwingine, Dennis Wright. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vinyama vya wagonjwa kwa hadubini, na alifanya kazi pamoja na Burkitt. Baadaye alirudi Uingereza. Mwaka 1983 yeye na mwenzake, Peter Isaacson, walieleza aina mpya ya limfoma. Hiyo ndiyo limfoma ya tumbo tunayoizungumzia leo.

Mwaka 1991 Andrew Wotherspoon, Isaacson na wenzao walichunguza vinyama vya wagonjwa 110 wenye limfoma hiyo. Walikuta pailori kwa wagonjwa 101. Wakajiuliza: Je, tukiua kijidudu, saratani itakuwaje?

Mwaka 1993 walitoa jibu. Wagonjwa 6 walipewa dawa za kuua pailori. Kwa wagonjwa 5, limfoma ilitoweka. Tangu hapo tiba hii imetumika katika nchi nyingi. Leo inajulikana kwamba kati ya wagonjwa 10 wenye limfoma hii ya hatua za mwanzo na wenye pailori, kiasi cha 7 au 8 hupona kwa kuua kijidudu hicho.

MAPEMA NA KUCHELEWA

Cheche ikidondoka nje ya mafiga utaizima kwa mguu. Ikishika paa la nyasi, kijiji kizima kitaitwa, na huenda nyumba ikateketea. Limfoma ya tumbo ni hivyo hivyo.

Ikiwa bado iko katika ukuta wa tumbo peke yake, inategemea kijidudu. Vidonge vinaweza kutosha. Ikisambaa mbali, au ikigeuka kuwa aina inayokua haraka, vidonge vya pailori peke yake havitoshi. Hapo mgonjwa huhitaji dawa za saratani au mionzi. Hata hapo bado kuna matumaini, lakini safari ni ndefu na gharama ni kubwa.

Wapo pia wagonjwa ambao uvimbe wao hausikii tiba ya kijidudu hata kama wamewahi. Chembechembe zao zimebadilika kwa ndani. Daktari atawatibu kwa njia nyingine. Ndiyo maana kila mgonjwa wa limfoma lazima arudi hospitali kuangaliwa tena.

Tena, uvimbe hauishi kwa siku 14 za dawa. Dawa huua kijidudu kwanza. Baadaye uvimbe hunywea kwa miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka mmoja. Mgonjwa asikate tamaa. Na akipata nafuu, asiache kurudi kwa tarehe aliyopangiwa.

DALILI ZA KUANGALIA

Limfoma ya tumbo mwanzoni haina kelele. Dalili zake hufanana na za vidonda vya tumbo. Huwezi kuijua kwa kukisia. Nenda zahanati kama una maumivu ya chembe ya moyo, kiungulia au tumbo kujaa gesi kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, au kama yanaisha na kurudi.

Usingoje hata siku moja ukiona dalili hizi:

1. Kutapika damu, au matapishi kama unga wa kahawa.
2. Choo cheusi kama lami, chenye kunata.
3. Kukonda bila sababu.
4. Kushiba upesi kwa chakula kidogo.
5. Kutapika mara kwa mara, au chakula kukwama.
6. Kuishiwa damu: weupe wa macho na viganja, kizunguzungu, kuchoka.
7. Uvimbe unaoushika tumboni.

Nakumbusha tena: wengi wenye maumivu ya tumbo hawana saratani. Lakini asiyepimwa hawezi kujua yuko kundi gani.

MGONJWA ANAPIMWAJE?

Kipimo cha kwanza cha pailori ni cha choo kikubwa. Mgonjwa huleta choo kidogo katika kikopo safi. Maabara huangalia kama kina alama za kijidudu. Kipimo hiki hakiumi. Kipo pia kipimo cha damu, lakini kina kasoro. Damu huweza kuonyesha alama za kijidudu hata kama kilikwisha kufa zamani.

Kabla ya kupimwa, mwambie tabibu dawa zote ulizotumia. Kama ulimeza dawa za kuua bakteria katika wiki 4 zilizopita, au omeprazo katika wiki 2 zilizopita, kijidudu kinaweza kujificha. Jibu litasema huna, kumbe unacho. Taja pia dawa za miti shamba. Hakuna atakayekugombeza.

Kipimo cha pili ni cha kumeza mpira. Hiki ndicho kinachoweza kugundua limfoma. Watu wengi wanakiogopa, kwa hiyo nitakieleza.

Mgonjwa hali wala hanywi tangu usiku kama alivyoelekezwa, ili tumbo liwe tupu. Hupuliziwa dawa ya ganzi kooni. Hulala kwa ubavu wa kushoto. Daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye taa na kamera ndogo mbele yake. Huona ndani ya tumbo kama katika televisheni. Mgonjwa hujisikia kama anataka kutapika, lakini anaweza kupumua. Kipimo huchukua dakika chache.

Daktari akiona mahali pasipo pa kawaida, hukata vinyama vidogo sana. Kukata huko hakuumi. Vinyama hupelekwa maabara vikatazamwe kwa hadubini. Kukatwa kinyama hakusambazi saratani, kama wengine wanavyodai. Bila kinyama, daktari hawezi kusema ni kidonda, ni limfoma, au ni saratani nyingine.

Sisi wa Mbulumbulu tunaanzia zahanati. Tabibu akiona haja, atakuandikia barua ya kwenda hospitali Karatu. Wakiona haja ya uchunguzi mkubwa, watakupeleka hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi. Barua ya rufaa usiiweke chini ya godoro. Imeandikwa ili itumike.

DAWA: SIKU 14 NI SIKU 14

Pailori hakifi kwa dawa moja. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa tatu au zaidi kwa pamoja. Moja hupunguza asidi, kama omeprazo. Nyingine mbili huua bakteria, kama amoksisilini na klarithromisini, au metronidazo. Kwa kawaida humezwa kwa siku 14.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Siku ya tatu au ya nne maumivu yanapungua. Mgonjwa anasema, "Nimepona." Vidonge vilivyobaki anaviweka, au anamgawia jirani anayeumwa tumbo. Matokeo yake watu wawili hawakutibiwa. Vijidudu dhaifu vimekufa, vyenye nguvu vimebaki. Vikiongezeka, dawa ile haiviwezi tena. Uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, umeonyesha kwamba pailori sugu kwa klarithromisini kipo hapa nchini.

Fuata mambo haya:

1. Meza dawa zote, kwa saa ulizoambiwa, mpaka ziishe.
2. Kama uliwahi kuvimba au kuwashwa kwa penisilini, sema kabla ya kupewa dawa.
3. Ukipewa metronidazo, usinywe pombe yoyote, hata ya kienyeji.
4. Mdomo kuwa mchungu, kichefuchefu kidogo na choo kulainika ni mambo ya kawaida. Yakizidi, rudi kwa tabibu. Usiache dawa mwenyewe.
5. Rudi kupimwa tena baada ya wiki 4 au zaidi tangu kumaliza dawa, ili kuhakikisha kijidudu kimekufa.

Na magadi je? Magadi hupoza asidi kwa muda mfupi. Hayaui pailori. Maziwa vivyo hivyo. Maumivu yanatulia, ugonjwa unaendelea. Jihadhari pia na aspirini na diklofenaki, zile za kutuliza mgongo na viungo. Zikitumiwa ovyo huchubua tumbo na kulitoa damu.

Usinunue dawa hizi dukani kwa kuhofia saratani. Kumeza dawa bila kupimwa huweza kuficha ugonjwa, na ukachelewa zaidi.

MAZUNGUMZO ZAHANATINI

Mazungumzo haya yametungwa kwa ajili ya somo. Yanafaa kusomwa na watu wawili kwa sauti mbele ya kikundi.

Mzee: Hodi.

Tabibu: Karibu, baba. Shikamoo.

Mzee: Marahaba, mwanangu. Tumbo hili limenirudia. Nipe vile vidonge vya juzi.

Tabibu: Pole, baba. Naona pia suruali imekuwa kubwa. Umepungua?

Mzee: Nimepungua. Mama watoto amesema hivyo hivyo. Chakula kidogo tu, nimeshiba.

Tabibu: Na choo kikoje?

Mzee: Wiki iliyopita kilikuwa cheusi. Nilidhani ni mboga.

Tabibu: Baba, leo sikupi vidonge vya kutuliza. Nakuandikia barua uende Karatu kesho.

Mzee: Kesho? Ngano inangoja kuvunwa. Nitakwenda baada ya mavuno.

Tabibu: Ngano ina vijana wa kuivuna, baba. Tumbo hili halina mwingine wa kukupimia.

Mzee: Mwanangu, niambie kweli. Ni saratani?

Tabibu: Sijui, baba, na siwezi kujua kwa macho. Huenda ni kidonda tu. Huenda ni saratani. Lakini hata ikiwa saratani, ipo inayotibika kwa vidonge vya kuua vijidudu, kama tukiiwahi. Ukingoja miezi miwili, nafasi hiyo inaweza kupita.

Mzee: Na fedha? Nauli, kipimo, kulala huko?

Tabibu: Kaa na mama na vijana leo jioni. Mbuzi mmoja akiuzwa sasa ni afadhali kuliko ng'ombe wawili baadaye. Ukifika hospitali na ukashindwa kulipa, omba kuonana na Afisa Ustawi wa Jamii, umweleze hali yako. Na kijana mmoja akusindikize, ili wawe wawili wa kusikia maneno ya daktari.

Mzee: Haya. Andika barua. Ngano watavuna wao.

KINGA

Pailori hupita zaidi kutoka mdomo hadi mdomo na kutoka kinyesi hadi mdomo. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo. Mafundisho yale yanafaa hata kwa kijidudu hiki:

1. Kila nyumba iwe na choo, na kila mtu akitumie, hata watoto.
2. Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula au kupika.
3. Chemsha maji ya kunywa, hata kama yametoka kwenye chemchemi ya msituni na yanaonekana safi.
4. Usimtafunie mtoto chakula mdomoni mwako. Kiponde kwa kijiko.
5. Osha matunda na mboga zinazoliwa mbichi.

Nyumba isiyo na choo inawapa watoto vijidudu watakavyokaa navyo mpaka uzeeni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Maumivu ya tumbo yasiyokwisha yanahitaji kupimwa. Pailori hutibika. Ukianza dawa, zimalize. Limfoma ya tumbo haitokei mara nyingi, na ikiwahiwa wengi hupona kwa kuua kijidudu tu. Choo cheusi, kutapika damu na kukonda si mambo ya kungoja mavuno.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini madaktari wa zamani waliamini kwamba vijidudu haviwezi kuishi tumboni?
2. Eleza kwa maneno yako mfano wa mgambo. Adui ni nani? Mgambo ni nani?
3. Jirani yako amepewa dawa za siku 14. Siku ya tano anakugawia vidonge vyake. Utamwambia nini?
4. Ni mambo gani yanayozuia watu wa kijiji chetu kwenda na barua ya rufaa? Je, ni hofu, nauli, kazi za shamba, au jambo jingine? Kikundi kinaweza kusaidia namna gani?
5. Hesabu nyumba za kitongoji chako ambazo hazina choo. Mtaanza na ipi, na lini?